Kipimo cha Mguu wa Mama

Dar es Salaam,
14 Januari 1995

Mdogo wangu Rahma,

Plamsi zimefika, nusu zimepondeka. Nusu iliyobaki imenipa heshima hapa kibandani. Majirani sasa wanaamini kwamba kwetu kuna baridi kweli. Mwambie mama nimekula na mbegu nimezitunza, ingawa sijui nitazipanda wapi katika mchanga huu.

Tuje kwenye kazi. Viatu nilivyopandisha Desemba vimerudi karibu nusu. Kondakta wa basi alinishushia viroba miguuni akasema mbele ya watu, "Kaka, wale wa milimani hawana miguu, au wewe huna macho?" Nilicheka kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Nimetafuta tatizo liko wapi. Kwanza ni namba. Tangu milango ifunguliwe na mitumba iingie, robota moja la viatu lina nchi nne ndani yake. Kiatu kimoja kimeandikwa 39, cha pili 6, cha tatu 8, na nikivilaza soli kwa soli vinalingana. Mteja wa Mlalo akisema anavaa sita, ni sita ya nani? Pili ni zile kamba za mgomba unazoniletea, zilizokatwa sawa na nyayo za wateja. Kamba mbichi ikisafiri mpaka huku inakauka na kufupika. Tatu sikuelewi. Mzigo wa mwisho ulikuwa na kamba nyingi zinazolingana kabisa, kana kwamba Lushoto nzima mmezaliwa na mguu mmoja.

Wewe ndiye uliyefika kidato cha nne. Nieleze.

Kaka yako,
Jafari


Lushoto,
29 Januari 1995

Kaka Jafari,

Shikamoo. Mama anaitikia salamu zako na anasema mbegu za plamsi hazioti kwenye joto, uzirudishe.

Kamba zinalingana kwa sababu zimekatwa kwenye mguu mmoja kweli. Ni mguu wa Mzee Faraji, mlinzi wa soko. Nimeuliza mmoja mmoja mpaka wakakubali kusema. Watu hawataki kupimwa kwa kamba. Unakumbuka baba alipofariki, wachimba kaburi walikuja na tete, wakampima utosini hadi unyayoni, wakalikata na kwenda nalo makaburini. Wateja wakiiona kamba yangu wanaliona lile tete. Mama mmoja wa Magamba aliniambia, "Mwanangu, nipimie kabichi, mguu wangu uache." Basi wakamwendea Mzee Faraji, ambaye anasema kifo kinamwogopa yeye, na kila mtu akakata kamba kwenye mguu wake. Ana mguu mkubwa. Ndiyo sababu viatu vilipwaya.

Nimefikiria njia nyingine na nimekwisha kuijaribu. Ramadhani seremala amenitengenezea ubao wa mti wa mkulo. Nyuma una ukingo wa kuegemeza kisigino, na kushoto una ukingo wa kuegemeza ubavu wa mguu. Tumechora mistari kumi na miwili ya urefu, na minane ya upana, maana watu wetu wametembea peku tangu utotoni na kinachowashinda kwenye viatu vya Ulaya ni upana. Mtu anapanda, namba zinasomwa, anashuka. Hakuna kamba na hakuna anayemgusa.

Siku ya kwanza watu walisimama mbali wakautazama kama mtego wa panya. Mama ndiye aliyevua kandambili zake, akapanda mbele ya wote, akasema, "Kinachopimwa hapa ni kiatu. Siku ya kunipima mimi mtakuja na tete, na sitawasikia." Watu wakacheka, foleni ikaanza.

Mama: urefu sita, upana nne.

Ramadhani anakutengenezea ubao pacha. Nitampa kondakta.

Mdogo wako,
Rahma


Dar es Salaam,
10 Februari 1995

Mdogo wangu Rahma,

Ubao umefika. Nimefungua robota zima, nikapima viatu kwa ndani na kuandika namba zetu kwa chaki kwenye soli. Wenzangu walinicheka asubuhi. Jioni wawili walikuja kuniomba niwaazime.

Sasa tufanye jambo hili kwa ukubwa wake. Tobia wa Soni yuko tayari kuwa wakala, na Dorkasi wa Mlalo pia. Kila mmoja apate ubao wake. Lakini mbao zinachorwa kwa mkono na Ramadhani akishachoka mistari yake inachoka naye. Lazima kuwe na kitu kimoja cha kuzihakikisha. Nimefikiri, nikaona tunacho. Mama yupo nyumbani kila siku, mawakala wanamfahamu, na mguu wa mtu mzima haukui. Kila ubao mpya ufikishwe uani kwetu, mama apande. Ukisoma urefu sita na upana nne, ni wa kweli. Usiposoma hivyo, ubao ndio mwongo, urekebishwe mpaka useme sita na nne.

Iandike sheria hii na kila wakala apewe nakala. Najua utaiandika vizuri, wewe ambaye hata siku ya kufua nguo unaitilia tarehe katika shajara yako.

Mwambie mama amekuwa ofisi ya vipimo.

Jafari


Lushoto,
2 Aprili 1995

Mama mdogo Zakia,

Shikamoo. Natumaini maji ya mfereji yamewafikia huko Mnazi na mpunga umesimama. Barua hii nampa Saidi anayeshuka na viazi, akukabidhi mkononi.

Kazi ya viatu inakwenda. Tangu tuanze na ubao, kiatu kilichorudi ni kimoja, na kilirudi kwa sababu mwenyewe alihama. Mawakala wanakuja uani na mbao zao, mama anapanda kama mtu anayekagua gwaride. Amefurahia heshima hiyo. Wiki ya kwanza alikuwa anaosha miguu kabla hawajaja.

Ninalokuandikia ni hili. Dada yako anaumwa. Ilianza mwezi wa pili kwa kuhema akipanda kutoka bondeni. Sasa anahema akivuka uani. Halali chali, anaegemea ukuta na mto mgongoni mpaka kunakucha. Miguu imevimba. Nikibonyeza kidole karibu na kifundo kinaacha shimo, na shimo halijai upesi. Nilimpeleka hospitali. Daktari alisikiliza kifua akasema ni moyo, umechoka kusukuma. Alitoa vidonge, akasema vidonge peke yake havitoshi, ashushwe Tanga akaangaliwe kwa mashine, na asicheleweshwe.

Mama amekataa. Unajua siku hizi matibabu ni ya kuchangia, na mwenye uwezo wa kuchangia ni Jafari, kwa kuuza mzigo wake. Tulipompelekea simu ya maandishi baba alipofariki, alifunga kibanda akakaa huku hadi arobaini, na aliporudi akakuta meza yake ina mtu mwingine. Miaka miwili akabeba magunia ya watu. Mama hajajisamehe, ingawa si yeye aliyekufa. Tulipotoka hospitali alinishika mkono akauweka juu ya msahafu, akaniapisha nisimwandikie Jafari neno lolote la ugonjwa wake. Akasema, "Safari hii amesimama. Sitamwangusha mara ya pili."

Nimeapa. Nifanye nini?

Mwanao,
Rahma


Mnazi,
19 Aprili 1995

Rahma,

Marahaba. Mimi siandiki vizuri, nilijifunza ukubwani, vumilia.

Dada yangu ni mkaidi tangu tuko wasichana. Alikanyaga mwiba akaenda nao shamba siku nzima asiambiwe mvivu.

Siwezi kupanda sasa. Mume wangu kalala na homa na ndege wako kwenye mpunga. Nikitoka hatuna chakula mwaka huu. Nikivuna nitakuja.

Wewe umeapa. Mimi sikuapa. Nipe anuani ya Jafari nimwandikie mimi. Usingoje.

Mpe uji wa ulezi usio na chumvi. Chumvi inavimbisha.

Mama yako mdogo,
Zakia


Lushoto,
24 Aprili 1995

Kaka Jafari,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Maagizo ya mwezi huu nimeyatenga kwa kila wakala kwenye karatasi ya pili. Wanafunzi wanataka viatu vyeusi vya kamba. Dorkasi anaomba viatu vya mvua kwa sababu Mlalo udongo umelainika na watu wanateleza hata njia ya kanisani.

Na hiki ni kipimo ambacho hukukiagiza. Mama: urefu sita, upana sita. Mguu wa kushoto na wa kulia vilevile. Nimepima asubuhi na jioni; asubuhi unapungua kidogo, jioni unarudi. Ubao ni ule ule wa kwanza, haujaguswa na mtu.

Tafadhali kisome kipimo hiki mara mbili. Kisome ukiwa umekaa.

Rahma


Dar es Salaam,
6 Mei 1995

Mdogo wangu Rahma,

Nimekisoma mara mbili kama ulivyoomba, na mara ya pili nimeona tatizo. Umefanya vizuri kunijulisha mapema. Duka lingine lingeendelea na kipimo kibovu mpaka hasara.

Tazama. Urefu ni sita kama zamani. Kilichobadilika ni upana tu. Maana yake ukingo wa nyuma uko sawa, ukingo wa kushoto umelegea. Watu wakipanda wanaukanyaga, unaingia ndani, na mguu unafika mistari ya mbali. Mwambie Ramadhani apigilie misumari mipya. Usijilaumu, kila kifaa kinachotumika kinalegea.

Nimeongeza meza ya pili. Sasa nina kijana wa kuandika chaki. Watu wa Korogwe na Same wameanza kuuliza namba zetu. Jana mmoja alifika hapa akasema bila kuulizwa, "Mimi ni saba kwa tano," kama mtu anayetaja kabila lake. Nilitamani mama asikie.

Jafari


Lushoto,
17 Mei 1995

Kaka Jafari,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Ukingo haukulegea. Ramadhani amekuja, ameuvuta kwa mikono miwili mbele yangu, haukutikisika. Nilimsimamisha yeye mwenyewe kwenye ubao: saba kwa tano, kama alivyokuwa Januari. Mimi pia nimepanda, na namba zangu ni zile zile. Ubao wa Dorkasi ulipoletwa, mama akasoma sita kwa sita. Wa Tobia vilevile.

Kaka, uliandika kwamba mguu wa mtu mzima haukui. Nakuomba uifikirie tena sentensi hiyo. Mbao tatu haziwezi kukubaliana kusema uongo.

Barabara ya Mombo ilifunikwa na udongo wiki iliyopita, mabasi hayakupita. Imefunguliwa. Mtu akitaka kuja anaweza.

Rahma


Dar es Salaam,
29 Mei 1995

Mdogo wangu Rahma,

Barua yako imenikera kidogo, nikaiweka kando, kisha nikairudia kwa utulivu. Unaandika kama mwalimu anayemngoja mwanafunzi agundue jibu. Mimi nina robota mbili hazijafunguliwa. Ukiwa na jambo liseme.

Hata hivyo jibu nimelipata. Nilimwonyesha seremala mmoja wa hapa ubao wangu, nikamweleza kwamba mbao tatu zimekosea kwa namna moja, upana tu, urefu haukuguswa. Akacheka. Akasema mbao mbichi ikikauka husinyaa ubavuni, haisinyai kwa urefu. Mbao zenu zote zimetoka kwenye gogo moja la mkulo, na najua mnaziweka jikoni karibu na moto kwa sababu ya ukungu. Zimesinyaa, mistari ya upana imesogeleana, na mguu ule ule unafika sita. Umeona? Mbao tatu zinaweza kabisa kukubaliana kusema uongo, zikiwa ndugu.

Kuhusu Ramadhani na wewe mwenyewe kusoma namba za zamani, nadhani mmesoma mlichozoea kuona.

Kwa kuwa naona unasitasita, nimemwandikia Tobia moja kwa moja. Atapita uani, atamsimamisha mama, na atachora mistari mipya mpaka mama asome nne. Kisha atarekebisha na ule wa Dorkasi na wa kwako. Ndiyo sheria tuliyojiwekea.

Msalimie mama. Mbona siku hizi hanitumii hata neno la kunitania?

Jafari


Lushoto,
10 Juni 1995

Mama mdogo Zakia,

Shikamoo. Uliniambia nisingoje, nami nikangoja. Niliona nina njia yangu. Niliapa kutoandika neno la ugonjwa, nikaona namba si neno. Nikamwandikia Jafari upana wa miguu ya mama, mara mbili, nikiamini mtu anayeishi kwa kupima miguu ataona mguu unaovimba. Ameona ubao.

Tobia alikuja jana. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye jua. Alipomwona na ule ubao alisema nimletee khanga nyingine, ile mpya, akaifunga chini kabisa ili vifundo visionekane. Akainuka kwa kushika mwimo wa mlango. Nilitaka kumshika, akanitazama, nikabaki nilipo.

Akapanda. Nyama ya mguu ilijaa juu ya ukingo. Tobia akainama, akasoma, akakuna kichwa. "Shangazi," akamwambia, "leo umepita hata sita. Una hakika mguu haujavimba? Maana bibi yangu wa Soni alikuwa hivi."

Mama akacheka. Unakijua kicheko chake. Akasema, "Tobia baba, mwaka mzima nimelala njaa huku nauza kabichi, nivimbe kwa kula nini? Mguu wangu ni huu huu niliokuja nao kuolewa. Ubao wenu mmeukausha motoni kama samaki. Kata alama hapo, uandike nne."

Tobia akanigeukia mimi. "Dada Rahma, nikate?"

Mama mdogo, mama alikuwa ananitazama, na miguu inamtetemeka juu ya ubao, na jasho linamtoka kwenye ubaridi ule. Nilijua kadiri nitakavyochelewa kujibu ndivyo atakavyoendelea kusimama. Nikasema, "Kata."

Akakata kwa kisu. Alipoondoka mama hakuweza kufika kitandani, nikamtandikia pale pale chini. Akapumzika kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umeona? Kazi ya kaka yako haijaharibika." Leo midomo yake ina rangi ya zambarau.

Katika barua hii nimetia bahasha tupu. Nimeandika juu yake jina la Jafari na sanduku lake la posta, na nimebandika stempu. Ndani hamna kitu. Sijaandika neno.

Rahma


Mnazi,
17 Juni 1995

Jafari,

Mama yako anaumwa moyo toka mwezi wa pili. Miguu imejaa maji. Daktari alisema Tanga. Kakataa ili wewe usiuze viatu. Kamwapisha Rahma asikwambie.

Ubao haukuwa na kosa.

Njoo na gari. Usijibu barua hii, njoo.

Mama yako mdogo,
Zakia


Dar es Salaam,
21 Juni 1995

Rahma,

Sijui huko mnafanya nini. Mzigo wa kwanza wa vipimo vipya umerudi wote. Soni vinabana, Mlalo vinabana. Dorkasi ameandika kwamba mwalimu mmoja alivivaa kwenda mazishini akarudi amevishika mkononi. Tobia anaapa kwamba alikata mistari sawasawa, na mama mwenyewe alimwelekeza. Basi nani amekosea? Watu wa Korogwe nimewasimamisha mpaka nijue. Nimejenga jina kwa miezi mitano na linabomoka kwa wiki mbili. Naomba uache kuniandikia mafumbo, uniletee ubao wako wenyewe niuone kwa macho yangu.

Katika kiroba hiki kuna fungu dogo limefungwa kwa gazeti. Ni viatu vya mama. Ngozi laini, kisigino kifupi, havijavaliwa hata mara moja huko vilikotoka. Nilivitoa kwenye robota kabla mtu hajaviona. Sita kwa nne kamili, nimehakikisha kwa ubao wa hapa ambao haujasinyaa. Avae Ijumaa watu wamwone.

Jafari


Dar es Salaam,
20 Agosti 1995

Mdogo wangu Rahma,

Nimefika salama. Kibanda nimekikuta, yule kijana wa chaki alilala humo siku zote hizo ili mtu asikiingilie. Mama angefurahi kulijua hilo, na sina wa kumwambia ila wewe.

Nilipokuwa huko hatukuzungumza. Uani kulikuwa na watu, kisha watu wakaondoka, na bado hatukuzungumza. Ulinipa chai, nikanywa, ukachukua kikombe. Naandika sasa kwa sababu kwa barua nadhani tunawezana.

Barua ya mama mdogo niliipata saa nne asubuhi. Saa sita nilikuwa kwenye basi. Nilipofika Mombo nilikodi gari la kumshusha mama Tanga, nikapanda nalo mlima wote nikiwa nimeketi mbele, nikipanga jinsi atakavyolala kiti cha nyuma. Dereva alisimamisha penye makaburi kwa sababu watu walikuwa wanatoka makaburini, wamejaa barabarani. Nikamwambia apige honi tupite, tuna mgonjwa wa kumuwahi. Halafu nikamwona Tobia, na jembe, na mikono yake ina udongo.

Nimekasirika nawe, sitaficha. Kiapo gani kinashinda uhai wa mtu? Ungeandika mstari mmoja. Ungenilaani, ungenitukana, ningejua. Lakini nimezitoa barua zako nikazipanga kwa tarehe, kama wewe unavyopanga mambo yako, na kila niikasirikiapo moja naikuta inanisubiri. Uliandika "mimi ni mzima", hukuandika kamwe kwamba mama ni mzima. Uliandika barabara imefunguliwa. Nilikuwa na mguu wake mbele yangu, kushoto na kulia, asubuhi na jioni, nikaenda kuuliza habari za mbao.

Sasa nakuomba jambo moja. Umebaki peke yako katika nyumba ile. Kila tarehe moja ya mwezi panda kwenye ubao, uniandikie urefu na upana, miguu yote miwili. Safari hii nitasoma inavyotakiwa. Nikiona umebadilika hata nusu mstari nitakuja siku hiyo hiyo.

Na uniambie, vile viatu alivivaa?

Kaka yako,
Jafari


Lushoto,
2 Septemba 1995

Kaka Jafari,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Kwanza ya kazi, maana watu wanauliza. Ramadhani amepiga randa mbao zote tatu na kuchora mistari upya kwa rula ya chuma aliyoazima shuleni. Nimezihakikisha kwa miguu ya watu kumi tofauti. Wale waliopewa viatu vinavyobana wabadilishiwe. Ile karatasi ya sheria nimeikusanya kutoka kwa mawakala na kuichoma. Tobia hataki tena uwakala. Alikuja akakaa mlangoni pale mama alipokuwa anakaa, akasema, "Niliuliza, dada. Niliuliza nikate?" Nikamwambia ndiyo, uliuliza. Akaondoka.

Viatu vya mama vilifika asubuhi ya mazishi, pamoja na barua yako ya kuuliza nani amekosea. Kondakta hakujua, alivileta akiimba. Hakuvivaa. Wiki yake ya mwisho mguu haukuingia hata kwenye kandambili. Nilimfunga vipande vya khanga ukuukuu ili asikanyage baridi akitoka nje. Siku ya mazishi wachimba kaburi walikuja na tete lao kama alivyosema watakuja, wakampima, wakakata. Mmoja wao ni yule baba wa Magamba ambaye mkewe alikataa kamba yangu. Aliniomba radhi kwa macho, sijui kwa nini.

Umeniuliza kiapo gani kinashinda uhai. Kila asubuhi nikimwagia maji maua aliyoyapanda mama uani naandaa jibu moja, na jioni haliko. Ila na mimi nina swali. Mwaka mmoja na nusu kabla ya ugonjwa wake hukupanda mlima huu hata mara moja. Ulitujua kwa namba. Mama aliona hivyo na akakupa namba uliyoitaka, akisimama kwenye miguu inayomuua.

Viatu viko juu ya kabati, bado vimefungwa kwa gazeti. Sijavijaribu. Na kwenye ubao sitapanda, si tarehe moja wala tarehe nyingine. Ukitaka kujua hali yangu, mabasi ya huku yanatoka hapo asubuhi. Njoo unitazame.

Mdogo wako,
Rahma